Kukodisha Nyumba kwa Wageni wa Siku Chache Zanzibar: Leseni, Kodi na Amana ya Mwenye Nyumba



Himdi zote anastahiki Allaah, na Swala na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake.

Tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba za makaazi zinazokodishwa kwa watalii. Swali la ndugu yetu mmoja wa Kidichi, Unguja, limekusanya mengi, kwa hivyo tumelifanya msingi wa makala hii. Yeye na ndugu zake wamerithi nyumba ya vyumba vinne juu ya Bububu, katika eneo la mashamba ya viungo. Wageni wanaokuja kutembelea mashamba hayo na hamamu la Kidichi lililojengwa na Sayyid Said katika karne ya 19 hulala kwake usiku mmoja, mbili, wakati mwengine wiki nzima. Wengi wanamfikia kupitia majukwaa ya mtandaoni. Anauliza mambo matatu: Je, ni lazima alipe kodi na hali hii ni nyumba yake wala si hoteli? Je, kodi hizi si ndiyo maks iliyokemewa katika Hadithi? Na miaka miwili aliyokwishapokea fedha bila ya kupeleka chochote, afanye nini?

Jibu kwa ufupi

Kukodisha nyumba ni halali, na kipato chake ni halali pale masharti yanapotimia. Anayepokea wageni wa kulipia kwa siku chache anahesabika kisheria kuwa anafanya biashara ya malazi, hata kama ni chumba kimoja. Kwa hivyo anahitaji leseni, usajili wa kodi na daftari la wageni. Sehemu ya fedha anayoipokea haikuwa yake tangu mwanzo. Ushuru wa malazi unalipwa na mgeni, na mwenye nyumba ni mpokeaji tu. Akiuzuia, amezuia amana.

Kabla ya kuendelea tuweke sawa neno moja. Kwa Kiswahili "kodi" ni yale anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na pia ni yale yanayolipwa Serikalini. Katika makala hii malipo ya mpangaji tutayaita pango, na neno kodi tutalitumia kwa ya Serikali peke yake.

1. Hukumu ya asili

Kukodisha ni mkataba wa ijara, yaani kuuza manufaa ya kitu kwa muda na malipo yanayojulikana. Dalili yake ni katika Sura Al-Qasas, katika kisa cha Nabii Musa ('alayhis salaam) na mzee wa Madyan, na mafaqihi wamekubaliana juu ya uhalali wake. Ili mkataba uswihi, mambo manne yajulikane: nyumba au chumba chenyewe, siku za kukaa, malipo, na matumizi. Tangazo la mtandaoni ni sehemu ya mkataba huo. Ukionesha picha ya chumba chenye kipoza hewa na mgeni akakuta feni, umeshamdanganya, na ana haki ya kukataa au kupunguziwa.

2. Kwanza uliza: nyumba ni ya nani?

Matatizo mengi tuliyoyaona hayakuanzia kwenye kodi. Yameanzia hapa.

*Nyumba ya urithi.* Nyumba ambayo haijagawiwa ni ya warithi wote. Ndugu anayeishi ndani hana haki ya kuikodisha bila ya ridhaa ya wenziwe, na pango likipatikana linagawiwa kwa mafungu ya mirathi. Inatokea sana kwamba kaka anatangaza vyumba, anapokea fedha, na dada zake walioolewa Makunduchi au walioko Muscat hawaambiwi. Huku ni kula mali ya watu kwa batili. Kaka huyo anaweza kulipwa ujira kwa kazi yake ya kupokea wageni na kusimamia usafi, lakini ujira huo wakubaliane kabla, kwa kiasi kinachojulikana. Asijikatie mwenyewe.

*Nyumba ya wakfu.* Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu. Nyumba ya namna hii husimamiwa kwa sharti la aliyeiweka, na msimamizi wa Serikali ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2007. Mpangaji wa nyumba ya wakfu anayelipa pango dogo kwa mwezi, kisha akaikodisha kwa watalii kwa bei ya usiku mmoja inayopita pango hilo, ajiulize faida ile ilikusudiwa imfikie nani. Bila ya idhini ya Kamisheni, hilo halifai.

*Nyumba ya kupanga.* Wengi katika mafaqihi wameruhusu mpangaji kumpangisha mwengine mwenye matumizi kama yake, madamu mkataba haukukataza. Mkataba ukikataza, sharti linafuatwa. Nyumba za Shirika la Nyumba na za taasisi nyengine hutolewa kwa masharti, basi soma mkataba wako kabla ya kutangaza chumba.

*Shamba la eka tatu.* Hili linawahusu khasa watu wa Kidichi, Kizimbani, Dole na jirani zake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba mengi ya huku yaligawiwa kwa wananchi eka tatu tatu, na yaligawiwa kwa ajili ya kilimo. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na raia anapewa haki ya kuitumia chini ya Sheria ya Ardhi ya 1992. Anayetaka kujenga vibanda vya wageni kati ya mikarafuu apate kwanza idhini ya Kamisheni ya Ardhi ya kubadilisha matumizi, na kibali cha ujenzi. Tumesikia watu waliokwishamimina zege ndipo wakaambiwa wasimame.

*Nyumba ya Mji Mkongwe.* Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kubadilisha dirisha, kuongeza choo juu ya paa au kugawa ukumbi kuwa vyumba kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

3. Leseni na usajili

Utaratibu kwa mwenyeji wa Zanzibar, kwa kifupi, ni huu:

1. Kumuona sheha wa shehia yako. Barua yake huhitajika katika maombi mengi, na yeye ndiye anayewajua wakaazi na wageni wa eneo lake.
2. Kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), ikiwa utatumia jina lisilokuwa lako.
3. Kupata leseni kutoka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, ambayo hukagua nyumba na kuipa daraja. Maafisa huangalia usafi, vyoo, maji, milango ya kutokea na vifaa vya kuzimia moto.
4. Kulipia leseni ya biashara kwa mamlaka ya eneo lako. Kwa Kidichi, ambayo imo Wilaya ya Magharibi A, ni Baraza la Manispaa la wilaya hiyo.
5. Kujisajili kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) na kupata namba ya mlipa kodi (TIN) kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).
6. Ukiajiri mtu wa usafi, mpishi au mlinzi, umsajili katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) na umuandikie mkataba. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Msimu wa wageni wachache si udhuru wa kumchelewesha.

4. Kodi zenyewe: mamlaka mbili

Watu wengi huchanganyikiwa kwa kuwa Zanzibar ina mamlaka mbili za mapato. Mgawanyo wake ni mwepesi ukiuelewa.

*ZRA* ni chombo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kilianzishwa kwa jina la Bodi ya Mapato (ZRB) kwa sheria ya 1996, na kikawa Mamlaka kwa sheria ya 2022. Kinakusanya kodi zisizo za Muungano. Zinazomgusa mwenye nyumba ya wageni ni tatu. Ya kwanza ni VAT, chini ya sheria ya Zanzibar ya 1998, kwa ambaye mauzo yake yamefikia kiwango cha kusajiliwa. Ya pili ni ushuru wa hoteli, chini ya sheria ya 1995, kwa ambaye hakusajiliwa katika VAT. Ya tatu ni kodi ya miundombinu, inayohesabiwa kwa dola kwa kila mgeni kwa kila usiku. Zote hizi humuangukia mgeni, mwenye nyumba huzipokea na kuziwasilisha pamoja na ritani ya kila mwezi. Kila malipo yatolewe risiti ya kielektroniki ya ZRA.

*TRA* inakusanya kodi ya mapato, kwa kuwa hiyo ni jambo la Muungano. Sheria yake ni ya 2004, na inatozwa juu ya faida, yaani kile kilichobaki baada ya gharama halali za biashara. Mwaka wake ni wa kalenda. Makadirio hupelekwa mwisho wa Machi, malipo hugawiwa kwa awamu nne (Machi, Juni, Septemba na Disemba), na ritani ya mwaka uliopita hupelekwa kabla ya mwisho wa Juni. Kumbukumbu ziwekwe kwa miaka isiyopungua 5.

Viwango hubadilika. Bajeti ya Zanzibar husomwa katika Baraza la Wawakilishi, na viwango vipya kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Kila Juni pita ofisi ya ZRA iliyo karibu nawe, uombe jedwali la mwaka mpya. Usitegemee alichokwambia mwenzio mwaka juzi.

Pia usidhani kwamba jukwaa la mtandaoni limekulipia. Jukwaa hukata kamisheni yake. Kamisheni hiyo si ushuru wa Zanzibar. Wajibu wa kuwasilisha ni wa mwenye leseni.

5. Je, hii si maks?

Swali hili ni zito, na wanaoliuliza wengi wao ni wachamungu. Katika Sahihi Muslim, kwenye kisa cha mwanamke wa Ghamid, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametaja dhambi ya mtoza maks kuwa ni mfano wa dhambi kubwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanazuoni wamekuwa wakali kwa kila kinachochukuliwa kwa watu zaidi ya Zaka. Wengine, miongoni mwao Imam Al-Ghazali na Imam Ash-Shatibi, wameruhusu mtawala kuwatoza wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na maslahi ya umma yanahitaji, kwa sharti la uadilifu na kutumika mahali pake. Na maks iliyokemewa wameifasiri kuwa ni ile inayochukuliwa kwa dhulma.

Hatutamaliza khitilafu hiyo hapa. Lakini katika suala la ndugu yetu wa Kidichi haina nafasi kubwa kama anavyodhani, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: ametangaza bei ambayo ushuru umo ndani yake. Mgeni ametoa fedha ile kwa kuelewa kwamba sehemu yake inakwenda Serikalini. Hata mwenye kuona kwamba Serikali haina haki ya kuichukua, haifuati kwamba mwenye nyumba ana haki ya kubaki nayo. Kama si ya Serikali, basi irudi kwa mgeni. Kuiingiza mfukoni hakuna madhehebu yaliyoruhusu. Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ameamrisha katika Sura An-Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Ya pili: ameomba leseni na kutia saini masharti yake, na Sura Al-Maaidah inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Leseni ni mkataba. Anayeandika wageni wawili na hali wamelala sita ameongeza uongo juu ya kuzuia haki.

Mwenye kulalamikia viwango anayo njia: mwakilishi wake, jumuiya za wafanyabiashara, na pingamizi za kisheria chini ya Sheria ya Utawala na Taratibu za Kodi ya 2009. Kulalamika kwa haki kunajuzu. Kughushi daftari hakujuzu.

6. Mfano wa hesabu

Tuchukue asilimia 10 kwa ajili ya mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Mgeni analipa Sh. 110,000 kwa usiku, ushuru umo ndani. Ushuru hapo ni Sh. 10,000, kwa kuwa ni asilimia 10 ya 100,000. Wengine hukata asilimia 10 ya 110,000, wakapata 11,000. Hilo ni kosa.

Kwa usiku 12 katika mwezi:

- Jumla iliyolipwa na wageni: Sh. 1,320,000
- Ushuru, unaowekwa pembeni: Sh. 120,000
- Kinachobaki: Sh. 1,200,000
- Umeme, maji, usafi, kamisheni ya jukwaa na ujira wa msimamizi: Sh. 300,000
- Faida kabla ya kodi ya mapato: Sh. 900,000

Tukikadiria kuwa warithi ni wana wawili wa kiume na wawili wa kike, hisa ni sita, kila hisa Sh. 150,000. Kila mwanamume anapata Sh. 300,000 na kila mwanamke Sh. 150,000, na kila mmoja anabeba kodi ya mapato kwa fungu lake.

Kosa jengine la kawaida ni kuanza hesabu kutoka kile kilichoingia kwenye simu baada ya jukwaa kukata kamisheni. Bei ni ile aliyoilipa mgeni. Kamisheni ni gharama yako.

Ushauri wetu: fungua laini au akaunti ya pekee kwa ushuru, na uhamishie siku ile ile mgeni anapolipa. Fedha ya ushuru ikichanganyika na ya sokoni, mwisho wa mwezi itakuwa imeshanunua mchele.

7. Daftari, sheha na jirani

Kila mgeni aandikwe: jina, uraia, namba ya pasi, siku ya kuingia na ya kutoka, na idadi ya watu. Sheha aarifiwe, na maafisa wa Uhamiaji wakija waoneshwe. Nakala ya pasi ni siri ya mtu, na isitumwe ovyo kwenye makundi ya simu.

Mgeni kutoka nje aambiwe mapema kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo imeanza kwa dola 44. Malipo hayo ni juu yake, lakini mwenyeji mwema hamwachi mgeni wake akagundua uwanja wa ndege.

Jirani ana haki yake, na Hadithi juu ya jambo hili ni mashuhuri katika Bukhari na Muslim. Kanuni za nyumba ziandikwe kwa lugha anayoielewa mgeni na atumiwe kabla hajalipa: mavazi ya staha njiani, ukimya usiku, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, kutoingiza pombe. Sharti lililojulikana kabla ya malipo linamfunga. Sharti analolikuta ukutani baada ya kufika lina mashaka.

Je, mwenye nyumba ana dhambi mgeni akifanya maasi chumbani? Akikodisha kwa ajili ya kulala, na hajui wala hakukusudia, dhambi ni ya aliyeifanya. Wala haifai kuchungulia, kwani upelelezi umekatazwa katika Sura Al-Hujuraat. Ama akijua kwamba nyumba inachukuliwa kwa ajili ya ulevi au zinaa, akakubali kwa sababu ya bei, hapo amesaidiana katika dhambi.

8. Zaka haiondolewi na kodi

Nyumba yenyewe ya kukodisha haina Zaka. Pango lake ndilo lenye Zaka: likifika nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu) na kupitiwa na mwaka mikononi mwako, litolewe asilimia 2.5. Huu ndio uamuzi wa Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah wa mwaka 1985. Ipo rai nyengine, aliyoitaja Shaykh Al-Qaradhawi, inayolifananisha pango na mazao. Tunaona rai ya kwanza ndiyo iliyo karibu na madhehebu ya Imam Shaafi'iy yanayofuatwa na watu wetu. Kodi iliyokwishalipwa imetoka kwenye mali, kwa hivyo haihesabiwi tena, lakini haisimami mahali pa Zaka.

9. Miaka miwili iliyopita

Ndugu yetu asikate tamaa. Atubie kwa Allaah, na toba ya haki ya mtu haikamiliki ila kwa kuirudisha. Afanye haya:

- Akusanye rekodi za jukwaa na za simu, aandike kila usiku uliolipiwa.
- Ahesabu ushuru wa kila mwezi. Hilo ni deni, na lipo shingoni mwake hata kama hakuna aliyemuuliza. Akifariki, linatolewa katika mali yake kabla ya urithi kugawiwa.
- Aende mwenyewe ZRA na TRA kabla hajaitwa, ajisajili na aombe utaratibu wa kulipa kwa awamu. Anayejitokeza mwenyewe ana hoja nzuri zaidi ya kuomba msamaha wa adhabu kuliko aliyekamatwa.
- Awaite ndugu zake, dada zake kwanza, awaoneshe hesabu ile ile. Walichonyimwa awalipe, au wasamehe kwa ridhaa baada ya kujua kiasi. Msamaha wa mtu asiyejua alichosamehe si msamaha.

Ikiwa kuna mgogoro wa mirathi au wakfu, waende kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu kabla ya kuendelea kupokea wageni.

Tunamuomba Allaah atutosheleze kwa halali yake, na atujaalie tukutane naye tukiwa hatuna deni la mja shingoni.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.